Pumzi ya Gertraud

Kazi yangu mimi ni upepo. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekanyaga mivukuto ya kinanda kikubwa cha kanisa letu hapa Lauterstedt, nyuma kabisa, ndani ya kichumba cha mbao ambako hakuna anayeniona. Unakanyaga mti mmoja, mvukuto unajaa. Unahamia wa pili kabla wa kwanza haujaisha. Upepo unaingia kwenye mabomba, mpiga kinanda anasifiwa. Mimi, Valtin Ruppel, hukumbukwa siku upepo ukikatika, na hilo nitalifikia. Kwanza nataka hawa wanaokaa kwenye bia wakisimulia habari za Gertraud Wenzel, kila mmoja na chumvi yake, wanyamaze. Hawakuwemo kichumbani. Mimi nilikuwemo.

Gertraud alizaliwa juu ya mnara wa kanisa, ngazi mia mbili na kumi na mbili kutoka chini. Baba yake alikuwa mlinzi wa mnara, na mlinzi huishi huko huko juu na familia yake, mkate na maji vikipandishwa kwa kamba na gurudumu. Anaangalia moto, na kila saa anatoka kwenye roshani na kupuliza tarumbeta, milio minne mirefu, ili mji ujue yu macho. Sheria yake hata watoto wa hapa wanaijua: mlio ukianzwa, unamalizwa. Mlio uliokatika njiani maana yake moto, na watu hutoka mbio na ndoo. Mzee yule hakujaliwa mwana wa kiume, kwa hiyo alimfundisha bintiye kupuliza tangu ana miaka saba, kwa kujifurahisha tu, akamkazia sheria hiyo mpaka ikamwingia damuni. "Hata nyigu akikuingia kifuani, mwanangu, maliza kwanza."

Mzee alipofariki, baraza la mji likatangaza kwamba atakayepewa mnara sharti amwoe binti aliyeumo. Ndivyo tunavyofanya. Akaja Jobst Wenzel, mtu mpole, mpulizaji hodari, na wale wawili wakapendana, jambo ambalo baraza halikulidai. Hati aliyotia saini ilisema mlinzi awe na macho mazuri, mwenendo mwema na meno yote ya mbele, maana bila meno mdomo hauna pa kuegemea na tarumbeta haitoi kitu. Wazee wa baraza walimfungua mdomo wakamkagua kama farasi wa sokoni. Tulicheka sana siku hiyo.

Mwisho wa Januari mwaka 1751, barafu ilishika gurudumu la kamba. Jobst alikuwa anapandisha pipa la maji. Mpini ukamponyoka, pipa likaporomoka, mpini ukazunguka kwa kasi ukampiga mdomoni. Meno manne ya juu yalikwenda kwa pigo moja. Saa nayo ilikuwa imekaribia. Gertraud alimfunga mumewe kitambaa, akachukua tarumbeta, akatoka nje, akapuliza.

Nilikuwa kwa mwoka mikate. Nikasikia mlio, nikasimama na mkate mkononi. Wengine hawakutambua kitu, lakini mimi nimeishi kwa upepo. Jobst huvuta pumzi kabla ya mlio wa tatu, kila mara, miaka tisa yote. Huyu aliyepuliza hakuvuta. Alibeba milio yote minne kwa pumzi moja, na wa mwisho ulikuwa mpana kuliko wa kwanza.

Nikapanda. Kwa magoti yangu haya. Nikamkuta Jobst amelala, kitambaa chekundu usoni, na Gertraud amesimama mlangoni kama mtu anayengoja kukamatwa.

"Nani kakutuma, Mzee Valtin?"

"Masikio yangu."

Akaketi. Akaniambia yote bila kulia, kisha akasema, "Wakijua, wiki hii tunashuka. Baridi hii. Jobst hana kazi nyingine mikononi mwake. Na mimi sijawahi kulala chini hata siku moja tangu nizaliwe."

"Kwani lazima wajue?"

"Pasaka atashuka kupuliza kanisani mbele ya watu wote. Au umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilishuka ngazi zile nikihesabu majuma.

Siku kumi baadaye mtawala wetu akafa. Kwetu mtawala akifa muziki wote unakufa naye mpaka amri nyingine. Kinanda kinafungwa, harusi zinakwenda kimya kama mazishi, na mlevi akiimba barabarani analala kifungoni. Mlio wa saa peke yake uliruhusiwa, kwa kuwa huo ni ulinzi, hauhesabiwi kuwa muziki. Wapiga filimbi, wapiga fidla, sisi wote tukakaa tunatazamana. Nilikula mizizi ya turnipu mpaka nikaichukia. Sasa niseme ukweli: nilimlaani marehemu kwa ajili ya tumbo langu, na siku hiyohiyo nikamshukuru kwa ajili ya Gertraud. Hapakuwa na Pasaka ya tarumbeta. Jobst hakulazimika kushuka.

Lakini alikuwepo Lorenz Hartung. Huyu alikuwa mpulizaji wa pili wa kikundi cha mji, kijana mwenye mapafu mazuri na kiherehere cha kupindukia, na mnara aliutaka zamani, kabla Jobst hajampiku. Sasa hana harusi, hana dansi, hana mbele wala nyuma, na kila saa anasikia juu ya kichwa chake mtu mmoja ambaye bado ana kazi. Akaanza kutazama juu. Mei hivi aliniita kwenye bia, akanikatia soseji ya moshi, kipande kinene.

"Babu Valtin, rafiki yako wa mnarani yu mzima?"

"Yu mzima."

"Mbona hashuki? Tangu Februari sijamwona hata kwenye ibada."

"Anamwombolezea mtawala. Wengine tuna mioyo."

"Nasikia amefunga uso."

"Jino."

"Jino moja?"

"Bwana Hartung," nikamwambia, "mimi na Jobst hatuhesabiani meno." Nikala soseji yote, nikamshukuru, nikaondoka. Nilikuwa nimetaja jino mwenyewe, mjinga mimi, na nilimwona alivyolishika neno lile.

Maombolezo yalikuwa yaishe Agosti. Julai yote Gertraud alikuwa anakonda. Halafu, katikati ya mavuno, kengele zikaanza tena: mama yake mtawala naye amefariki, bibi wa miaka themanini na sita. Amri ikatoka, miezi mingine sita ya kimya. Nilipopanda kumpa habari alikuwa ameshazisikia kengele. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu, analia na kucheka.

"Nimefurahi mtu amekufa, Mzee Valtin. Nimekuwa mtu gani mimi?"

"Mtu mwenye nyumba," nikamwambia.

Oktoba Hartung alipanda. Nilikuwa juu, nimewapelekea viazi, saa sita ikikaribia, tukasikia viatu vyake ngazini, akipiga mluzi wa chinichini ambao wenyewe ulikuwa kosa la kufungwa. Jobst akaniangalia. Mdomo wake ulikuwa umebonyea ndani, uso wa mtu wa miaka sabini kwenye mwili wa miaka arobaini. Kumtazama mara moja tu kulitosha. Gertraud ndiye aliyefikiri. Alimpa mumewe tarumbeta, akamsukuma nje kwenye roshani, mgongo kuelekea mlango. Yeye akachukua ile kuukuu ya baba yake ukutani, akatoka kwa mlango wa pili, akazunguka upande wa pili wa mnara. Roshani yetu inazunguka pande zote. Aliye kaskazini haonekani na aliye kusini.

Hartung akaingia anahema. "Bwana Wenzel yuko wapi?"

"Kazini," nikasema, nikasimama kati yake na roshani. "Saa imefika. Ukimgusa akakatisha mlio, mji mzima utakuja na ndoo, na nitawaambia ni wewe."

Akauona mgongo wa Jobst, viwiko vimeinuliwa, tarumbeta mdomoni. Mlio ukatoka. Minne yote kwa pumzi moja. Hartung alisikiliza kichwa kimeinama upande.

"Ajabu," akasema. "Namwona huku, namsikia kule."

"Upepo wa huku juu una mambo yake. Niulize mimi."

Alingoja. Jobst hakugeuka. Aliendelea kusimama anatazama milima. Mwishowe Hartung akashuka. Hatukuwa na furaha, tulijua hakuridhika.

Januari amri ikaja: maombolezo yataisha Jumapili ya kwanza ya Februari, kwa ibada ya shukrani. Hartung alikwenda mwenyewe barazani kupendekeza kwamba mlinzi wa mnara ashuke siku hiyo, apulize tarumbeta pamoja na kinanda. Wazee wakaona ni wazo zuri. Kantor Seyfarth, mkuu wa muziki wetu, akaandika sehemu ya tarumbeta ndefu, nzuri, ya kutoa jasho, akaituma juu kwa kamba.

Jobst alitaka kukiri. "Nitakwenda mwenyewe nikawaambie," alisema, kwa ile sauti yake mpya iliyovuja upepo. "Angalau tutashuka kwa heshima."

"Heshima hailaliki," Gertraud akamjibu. Kisha akanigeukia. "Mzee, kile kichumba chako. Kina ukubwa gani?"

Nilielewa papo hapo. Kichumba cha mivukuto kiko nyuma ya kinanda. Roshani ya waimbaji iko mbele yake. Ubavuni mwa mabomba kuna mlango mdogo, na ukiuacha wazi, sauti inatoka hapohapo ambapo mpuliza tarumbeta husimama. Jobst atasimama mbele, tarumbeta mdomoni, mashavu yamejaa. Gertraud atakuwa nyuma, pamoja nami.

Tatizo lilikuwa mazoezi. Muziki ulikuwa bado haramu, na sikio la Hartung lilikuwa chini ya mnara mchana kutwa. Kwa hiyo alijifunza bila sauti. Alikaa kitandani, karatasi magotini, midomo imebana hewa tupu, Jobst akimwonyesha mahali pa kubana na pa kulegeza, mimi nikipiga wakati kwa mguu sakafuni. Majuma matatu. Mwanamke yule katika maisha yake alikuwa amepuliza milio minne tu, mchana na usiku, na sasa alibeba kichwani wimbo mzima ambao hajawahi kuusikia. Nilikuwa nikishuka nasema moyoni, hawezi. Sikumwambia.

Jumapili ile nilimwingiza kabla ya kengele ya kwanza, amejifunika blanketi langu kuukuu, tarumbeta kifuani chini ya shali. Akasimama penye kona karibu na mlango mdogo. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Kanisa likajaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za mimbari, maana mwaka mzima hawajasikia hata noti. Kwenye ufa wa ubao nilimwona Jobst anapanda roshani, skafu ya sufu hadi puani, anaitikia kwa kichwa bila kufungua kinywa. Na hatua tatu nyuma yake akaja Hartung, akaketi mahali anapoweza kuona vizuri.

Kikengele changu kikalia. Hiyo ndiyo ishara ya mpiga kinanda: upepo. Nikapanda juu ya mti wa kwanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda na kinanda na watu. Walikuwa wanaimba huku wanalia, na mimi mwenyewe macho yalinilowa, lakini miguu ilijua kazi. Mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Gertraud alikuwa amefumba macho. Nikamwona anajaza kifua. Jobst kule mbele akashusha skafu kidogo, akainua tarumbeta yake.

Akapuliza.

Nimejaribu mara nyingi kulieleza hili na sijafanikiwa. Mimi nimesikia wapulizaji thelathini kwenye roshani ile, wengine wa ikulu. Wote wanapuliza kama watu wanaoonyesha kitu. Huyu alipuliza kama mtu ambaye mwaka mzima, hapana, maisha yake yote, alipewa noti nne akaambiwa zatosha. Sauti ilipita karibu na sikio langu ikatoka mlangoni ikajaza kanisa, na watu wakaacha kuimba mmoja mmoja. Aliuinua wimbo, akaushika juu, akaushusha polepole. Nikasimama nasikiliza.

Nikasimama. Mmeelewa? Mimi, mkanyaga mivukuto.

Kinanda kiliguna. Kikashuka sauti yote kwa pamoja, mguno mrefu wa aibu, kikanyamaza. Na Jobst, kama mpulizaji yeyote anayesikia kinanda kinakufa nyuma yake, aligeuka kuangalia kumetokea nini. Tarumbeta ilikuwa mkononi mwake, imeshuka hadi kiunoni. Watu wote wakamwona.

Na tarumbeta ikaendelea kulia.

Gertraud alikuwa amefumbua macho. Alijua. Alinitazama huku anapuliza, akanitazama sana, na hakuacha. Mlio ukianzwa unamalizwa. Akikatisha, kanisa lile lililojaa litadhani ni moto, na mlango wa kanisa ni mmoja. Alipuliza ubeti wote mpaka noti ya mwisho, peke yake, na kanisa zima linamtazama mumewe aliyesimama bila kitu mdomoni. Kisha akashusha tarumbeta, akaifuta mdomo kwa pembe ya aproni.

Hartung ndiye aliyecheka. Alicheka peke yake.

Baraza lilikaa Jumatatu. Kantor Seyfarth aliwatetea, nampa haki yake. Alisema hajapata kusikia tarumbeta ya namna ile kwenye kanisa lile. Wakamjibu kwamba hati inasema meno, na kwamba mwanamke kupuliza kanisani halikuandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria upuuzi huo. Wakaniuliza kwa nini upepo ulikatika. Nikasema niliteleza, mti ulikuwa na barafu. Likaandikwa hivyo. Wakamwonea huruma mzee, wakaniacha na kazi yangu. Wenzel na mkewe wakapewa mpaka Jumamosi. Mnara akapewa Hartung.

Ijumaa nilikuwa kichumbani napaka mafuta ngozi za mivukuto, mlango ukafunguliwa. Gertraud. Alikuwa ameleta blanketi, limekunjwa vizuri. Walikuwa wanakwenda kwa kaka yake Jobst, mwenye kinu cha nafaka, mwendo wa siku mbili. Nilishindwa kumtazama. Siku tano nilikuwa nimejificha nisikutane naye, mtu mzima mimi, nikipita vichochoroni.

"Mzee Valtin, nina swali moja tu."

"Uliza, mwanangu."

"Nilikuwa karibu nawe kuliko baraza. Mti ule haukuwa na barafu. Asubuhi uliufuta mwenyewe, nilikuona."

Nikazidi kusugua ngozi.

"Hukuteleza," akasema.

"Sikuteleza."

"Sasa?"

Nikaweka chini kopo la mafuta. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata anipige. "Nilikuwa nakusikiliza," nikasema. "Sauti yako ilipopanda pale juu, nilisahau. Miaka thelathini na mmoja sijawahi kusahau, nilikanyaga hata siku ya mazishi ya mke wangu. Nilisahau kama nina miguu. Nimewatoa nyumbani kwenu kwa sababu hiyo, na sina la kukulipa."

Nikasikia pumzi yake ikiingia, ile pumzi ndefu, nikangoja anitukane.

"Ilikuwa nzuri hivyo?" akauliza.

"Ilikuwa nzuri hivyo."

Akaketi juu ya mti wa mvukuto wa kwanza, nao ukashuka na uzito wake. Akafunika uso kwa viganja. Alipovitoa macho yalikuwa mekundu, lakini hakuwa na hasira nami, nilitafuta usoni kwake nisiione. "Jobst alikuwa mbele, kinanda kilimziba masikio, kisha ikaja aibu," akasema. "Wengine wote walikuwa wanamtazama yeye. Hakuna aliyeniambia kitu, Mzee. Wiki nzima. Wananiambia meno, wananiambia hati."

Akasimama, akajifunga shali. Mlangoni akageuka.

"Wakikuuliza tena, usiwaambie uliteleza."

Hartung sasa hupuliza saa. Anakohoa katikati, na tangu apewe mnara tumetoka na ndoo mara tatu. Wakiniuliza kwenye bia nini kilitokea siku ile, nawaambia kama nilivyowaambia nyinyi.